Ngitili ya Mtandao

Kijiwe chetu kiko nyuma ya stendi ya Bariadi, hapo ninapoziba pancha za baiskeli, mkabala na chumba chenye dishi juu ya paa. Benchi ni ubao mmoja juu ya matofali. Ukichelewa unakalia ringi. Enzi hizi za soko huria kila kitu kina mwenyewe. Pamba ina makampuni yake, simu zina makampuni yake. Kilichobaki bila mwenyewe ni ule mtandao wa intaneti tu. Watu wa mradi mmoja waliufunga chumbani mle, wakasema ni wa umma, ufunguo wakamkabidhi Luhaga. Sisi tunamwita Kamanda, maana aliongoza sungusungu na hajawahi kula cha mtu. Masika yalipoanza, Kamanda akazima swichi na kutia kufuli, nasi tukampigia makofi. Leo asubuhi tuko kwenye kahawa, mara akatokea Eufrasia, binti wa Athanasi, kompyuta kwapani, uso umekunjamana.

Eufrasia: Kamanda, ufunguo.

Kamanda: Salamu kwanza, mayu: mwangaluka.

Eufrasia: Mwangaluka. Naomba ufunguo wa chumba.

Kamanda: Ngitili haifunguliwi leo.

Kwa asiye mfugaji: ngitili ni malisho tunayoyafunga wakati wa mvua, ng'ombe wasiyakanyage, ili kiangazi kikikaza nyasi ziwepo. Sasa, jioni vijana wa stendi walikuwa wanajazana pale kuvuta nyimbo na picha, mtandao unakonda mpaka hata barua moja haitoki. Asubuhi, watu wakiwa bado wamelala, unarudi na nguvu zake. Kamanda akaona: kumbe ukipumzika, unaota! Nani angebisha? Mimi nilikubali wa kwanza.

Eufrasia: Kesho makampuni yanaanza kununua pamba. Wakulima nimewaahidi: tuma meseji, programu yangu itakujibu bei ya kila kituo, Lamadi, Mwamanyili, Kalemela, kabla hujaondoa mkokoteni nyumbani. Programu nimeiandika humo humo chumbani, kabla hamjafunga. Bila mtandao ni bubu. Siku ya kwanza ikiwa bubu, nani ataniamini siku ya pili?

Kamanda: Ndiyo maana nakutunzia. Kiangazi bado kichanga hiki. Subiri mwezi wa tisa, hiyo programu yako itakula mpaka icheue.

Akadakia Joakim, karani wa zamani wa ushirika, tunayemwita Mizani.

Mizani: Chovya chovya humaliza buyu la asali.

Eufrasia: Hauishi, mzee wangu! Mtandao ni kama barabara. Ukipita wewe, na mimi napita.

Mizani: Barabara ipi? Masika si wanaweka kizuizi, malori yanalala njiani? Kwa nini? Inaliwa!

Eufrasia: Haya, ni kama redio. Akisikiliza huyu, yule hapungukiwi.

Hapo akainuka Constantine, fundi redio. Jina lake la kijiweni ni Antena.

Antena: Sasa umeingia kwenye fani yangu. Redio inakula betri. Betri zikichoka tunazianika juani, zinaamka. Kamanda yuko sawa kuupumzisha, ila alikosea kufunga dirisha. Jua litaingilia wapi?

Mimi: Mtandao uanikwe?

Antena: Ukiona vyaelea, vimeundwa. Unaelea hewani ule, mvua inaunyeshea. Mliufunga masika, mkaufunga mbichi. Mtakuta umevunda.

Mizani: Haujavunda, umehama! Soko huria hili, kila kitu kinamfuata mwenye bei. Nyie mmefunga mlango, wenyewe uko Lamadi na watalii wa Serengeti.

Kamanda: Hauwezi kwenda Lamadi. Dishi linatazama juu.

Mizani: Na juu hakuna njia?

Kamanda akafikiri. Akanywa funda moja.

Kamanda: Basi nitaweka sungusungu wawili, walinde paa kwa zamu.

Mimi: Na mishale?

Kamanda: Na filimbi. Ukitaka kutoka, wapige.

Nikachoka. Shule sikwenda, kusoma nimejifundisha, lakini kuzungushwa sipendi. Nikapiga ubao vikombe vikaruka.

Mimi: Semeni moja! Upo au haupo?

Kamanda: Upo, unaota.

Antena: Upo, umelowa.

Mizani: Ulikuwepo.

Eufrasia akakaa kwenye ringi, kompyuta mapajani, sauti imemshuka.

Eufrasia: Wenzangu mijini wanapata mtandao wa umma, wanatengeneza vitu. Mimi nina wa umma, na umma umeufungia.

Kamanda: Usinione mbaya, mwanangu. Ningekuwa naula peke yangu, ungenitukana. Sijaugusa hata mimi.

Kweli hajaugusa. Na ndiyo shida yenyewe, huwezi hata kumgombeza.

Ndipo akafika mama mmoja, miguu imejaa vumbi la njia, simu ya tochi mkononi.

— Mwangaluka.

— Mwangaluka, mayu, tukamwitikia. Mhola, ni salama huko?

— Mhola. Mimi ni Milembe, natoka Mwamanyili. Namtafuta binti wa Athanasi. Kikundi chetu tumetuma meseji ya bei, simu iko kimya tu. Pamba tumeshapakia. Mkokoteni tuuelekeze wapi?

Eufrasia akamnyooshea kidole Kamanda. Kamanda naye akaeleza yote kwa heshima: umma, vijana, kukonda, kupumzika, ngitili. Milembe akasikiliza akiitikia kwa kichwa, kama mtu anayesikia habari za kwao.

Milembe: Hapo nimeelewa. Hata kwetu tunayo, tangu enzi za babu. Mmefanya la maana kuhifadhi.

Kamanda akatabasamu mpaka gego. Eufrasia akafunika uso kwa viganja.

Milembe: Sisi tukitoka kanisani Jumapili huwa tunapitia kuitazama. Hii yenu imeota mpaka wapi? Magotini au kiunoni?

Antena akatazama dishi. Mizani akainua kikombe, akanywa, kikombe hakina kitu. Mimi nikashika ringi nikaanza kutafuta tundu ambalo halikuwepo.

Milembe: Au hamjaenda kuangalia?

Kamanda hasemi uongo, wote tunajua. Akatoa ufunguo mfukoni kwa mkono wa kushoto, akauweka gotini, usimsumbue akipima kimo. Mkono wa kulia akaunyoosha mbele yake. Akaanzia kwenye goti. Akaupandisha mpaka kwenye mkanda, akasita, akaushusha kidogo, akaupandisha tena. Eufrasia akauchukua ufunguo pale gotini taratibu, akamshika Milembe mkono, wakavuka wote wawili. Tukasikia kufuli likifunguka.

Kamanda hakugeuka. Mkono wake wa kulia ulikuwa bado hewani, unapanda, unashuka.