Bwana Uliona Nini

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, nyuma ya kiwanda cha sabuni, mtoto wa pili wa fundi cherehani. Alipokuwa na miaka sita, shangazi yake alizimia jikoni. Alipozinduka, wengine walimletea maji. Yeye alimwuliza alikuwa wapi. Shangazi akasema alikuwa hapo hapo. Jibu hilo halikumtosha, na tangu siku hiyo hakuna jibu lililomtosha.

Shuleni alitolewa nje ya darasa mara kadhaa kwa kung'ang'ania kuelezwa mawazo yanakaa wapi mtu akilala. Alimaliza kidato cha nne mwaka 1969, akasomea uuguzi, kisha kazi ya kuwapa wagonjwa nusukaputi kabla ya upasuaji.

Kazi hiyo aliifanya katika hospitali moja mpaka alipostaafu mwaka 2011. Mgonjwa akifumbua macho, humkuta amemwinamia: "Uliona nini?" Wengi waliomba maji. Daktari mkuu alimwonya mpaka akachoka, na wenzake wakambandika jina la Uliona Nini. Utani haukumuudhi. Kilichomkera ni kwamba kila siku aliwazima watu kama taa, na hakujua mwanga unakwenda wapi.

Mwaka 1976 alimwoa mwalimu wa hesabu, mtu asiye na subira na maswali yasiyo na jibu. Kila asubuhi, kabla hajatia mguu sakafuni, mama huyo aliulizwa ameota nini. Alisema haoti. Marehemu akashikilia kuwa kila mtu huota. Watoto wao watatu wamekulia ndani ya ubishi huo.

Mwaka jana alipatikana na uvimbe tumboni. Ukweli usemwe, aliingia chumba cha upasuaji akichekelea, kwa kuwa zamu yake ilikuwa imefika. Alipofumbua macho, mkewe ndiye aliyemwinamia na kuuliza. Marehemu alilia kwa hasira.

"Hakuna kitu, mama watoto. Nimefumba, nimefumbua. Nimepitwa."

Hakupona vizuri tena. Alifariki asubuhi ya tarehe 2 mwezi huu, mkewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano na dada mmoja. Juzi mjane aliamka ameota, ndoto ndefu, anaikumbuka yote, akageuka kumwambia. Kitanda kitupu. Amekasirika, na ana haki. Watoto wamembembeleza awasimulie, amekataa katakata.

Apumzike kwa amani. Mkewe anasema ndoto hiyo anamtunzia.