Mama Kimya, Aliyevivika Vyuma Vyetu Nguo

Tarehe thelathini ya mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, fundi cherehani wa kitengo chetu cha kudhibiti wanyama hatari anastaafu. Jina lake halisi limo katika hati za ofisi, lakini hakuna anayelitumia. Sote, kuanzia mkuu wa kitengo hadi dereva, tunamwita Mama Kimya.

Aliajiriwa kushona mahema, na huenda angeshona mahema hadi leo kama asingeolewa na msoma nyayo wetu. Mtu huyo hutangulia mbele ya bunduki kumfuata nyati aliyejeruhiwa, na mkewe hakuweza kulizoea jambo hilo. Siku moja aliukagua mkoba wa mumewe, akakuta bizimu inagonga kisu na kisu kinagonga chupa. Akavifunga vyote kwa vipande vya blanketi kuukuu. Mumewe alilalamika mbele ya wenzake: "Mke wangu, mimi naenda kuwinda, siendi kulala!" Wenzake walicheka sana. Wiki iliyofuata walianza kuja mmoja mmoja, mikoba wameificha mgongoni, wakiomba nao wafungiwe.

Huo ndio mwanzo wa utaratibu wetu. Kabla ya safari, kikosi chote husimama uani na kuruka juu kwa pamoja, naye amekipa mgongo, amefumba macho. Kinacholia huvuliwa au huvikwa kitambaa. Makoti ya nailoni, yanayopiga kelele kila yaguswapo na mwiba, aliyapiga marufuku. Mkuu wa kitengo aliwahi kuja na funguo mfukoni, akarudishwa kwa heshima zote: "Baba, hizo ziache mezani. Nyati hana mlango."

Tulicheka, lakini kila aliyewahi kuingia kichakani anajua kwamba hapakuwa na mzaha. Humo macho hayafiki mbali. Mtu hulindwa na masikio yake. Mlio mdogo humwonyesha mnyama mahali ulipo, na papo hapo hukuzuia kuisikia pumzi yake.

Wengi wenu mmesikia habari za nyati wa njia ya kisimani. Alikuwa na waya wa mtego mguuni, na tayari alikuwa amemjeruhi mkulima mmoja. Mbele alikwenda msoma nyayo, akifuatwa na mwindaji mkuu, nasi wawili nyuma yao. Nyati aliyeumia huzunguka, akarudi kusimama kando ya nyayo zake mwenyewe, akimngoja anayezifuata. Tulilijua hilo, na kila hatua tuliiogopa.

Msoma nyayo aliinua kiganja. Upande wa kushoto, ndani ya majani, kitu kizito kilikuwa kinapumua. Mwindaji mkuu aligeuka taratibu, na kiunoni mwake maji yakacheza ndani ya chupa.

Pumzi ikakatika.

Uani, chupa ile ilikuwa imejaa hadi kifunikoni, haina sauti. Njiani jua lilikuwa kali, naye alikunywa nusu yake. Sasa hakuweza kutembea, wala kuyamwaga maji juu ya majani makavu. Msoma nyayo aliichomoa chupa kwa vidole viwili, akaifungua, akamwekea mwenzake mdomoni na kumwonyesha kwa jicho: yamalize. Mtu mzima, tena mwenye bunduki, alikunywa akimeza kidogo kidogo, na mnyama anatusikiliza. Tuliobaki tulizuia pumzi hadi vifua vikauma. Chupa ilipokuwa tupu, tulisogea kando polepole, wote wanne, bila sauti. Nyati alitoka akipashambulia pale maji yalipolia. Hatukuwapo. Risasi moja ilitosha.

Mwindaji mkuu aliketi chini. Aliponyanyua kichwa, neno lake la kwanza lilikuwa: "Jamani, nipeni maji."

Tulimwuliza msoma nyayo alijifunza wapi. Akainamisha uso. Kumbe kila asubuhi mkewe humzuia mlangoni na chupa isiyojaa: ijaze au imalize. Aliona haya kutuambia, asije akachekwa tena. Haya hiyo nusura ituzike sote. Tangu siku hiyo, chupa ikifunguliwa kichakani hupitishwa na kumalizwa na wote.

Jambo moja huenda hamlijui. Kikosi kikiwa porini, cherehani ya Mama Kimya hailii. Mwenyewe hukaa mbele yake, mikono juu ya kitambaa, hadi dereva apige honi kwenye kona ya barabara. Kwa miaka yote hiyo, tuliobaki ofisini tuliisikiliza cherehani hiyo kabla ya kuthubutu kuuliza nani amerudi.

Mumewe amebakiza miaka miwili kazini. Jumatatu iliyopita kikosi kiliruka mbele ya fundi mpya, kikaambiwa kiko salama, na hakuna aliyepanda gari. Macho yote yalikuwa kwenye mlango wa karakana. Mama Kimya alitoka na gunia la vitambaa alivyokuwa akivifungasha, akamkabidhi fundi mpya, akasema: "Nami siku zote naogopa, mwanangu. Ukiogopa, sikiliza. Siku utakayoacha kuogopa, omba kazi nyingine." Kisha akawageukia wanaume: "Haya, pandeni. Amewasikia." Sauti yake ilikuwa imara.

Tunamshukuru kwa kila mmoja wetu aliyerudi kwa miguu yake. Madereva wameahidi, na mkuu wa kitengo ameidhinisha, kwamba gari litokapo porini litapitia kwanza nyumbani kwake.

Mama Kimya, tunakutakia maisha mema, katika nyumba yenye vifuniko vinavyogongana, wajukuu wanaopiga kelele na cherehani isiyonyamaza. Na ikinyamaza, subiri honi.