Shoka la Karatasi la Mwalimu Ardith

Ndugu na majirani mliofika kumsindikiza, familia imenikabidhi mimi, Verna, mdogo wake, nisome maisha ya Ardith Stoltz Bickel, nami nitayasoma yalivyokuwa, pamoja na wivu wangu, maana mji mzima unaujua.

Alizaliwa tarehe 4 Julai 1946 hapa Lowry's Ferry, Pennsylvania, siku ya uhuru wa Marekani, fataki zikalia mji mzima, mimi nikazaliwa Novemba ya mwaka 1948, mvua inanyesha, hakuna aliyegonga hata kopo. Alisoma shule ya hapa, akahitimu chuo cha ualimu Juni 1968, akapewa darasa la kwanza, na nilipomfuata kufundisha miaka miwili baadaye, madarasa yetu yakatenganishwa na ukuta mmoja.

Tarehe 12 Juni 1971 aliolewa na Norman Bickel, kijana niliyemwona kwanza mimi, haya, tuyaache, wakajaliwa binti mmoja, Lorene.

Kila Februari, akifundisha marais wa kwanza, wanafunzi wake walivaa nywele za bandia za pamba kama za marais hao, na kila mmoja, akiwa ameshika shoka la karatasi, aliungama alichovunja nyumbani, kama Washington, rais wa kwanza, ambaye hadithi husema alikiri utotoni kuukata mti wa baba yake kwa shoka, darasa zima likamjibu, "Umesema kweli, njoo ukae nasi." Kwangu tulikariri tarehe, huku watoto wangu wametega masikio ukutani, na wazazi walipoanza kuomba watoto wao wahamishiwe kwake, jamani, roho iliniuma.

Machi 1989 barua isiyo na jina ilimfikia mkuu wa shule, ikidai Mwalimu Ardith anafundisha uongo, kwani hadithi ya mti ule haina ushahidi, mashoka yakapigwa marufuku, naye hakuyagusa tena darasani hadi alipostaafu mwaka 2008.

Saratani iligundulika Mei 2018, akafariki tarehe 9 Februari 2019, nimemshika mkono, baada ya kuniambia, "Verna, shoka lako nimekuwekea miaka yote hii, liko kwenye droo."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mlioleta supu ya kuku na mahindi, na walimu wenzetu.

Shoka ninalo hapa. Ardith, ile barua niliiandika mimi. Wanafunzi wake wa zamani, nawaona huko nyuma midomo inawacheza, jibu mnalijua, lakini nawaomba mnyamaze, nilitaka kulisikia kwake.

Pumzika kwa amani, dada yangu.