Istir Bishara, Aliyewasomea Wengine Mababu Zao

Marehemu Istir Bishara Qaldas alizaliwa tarehe 14 Machi 1941 hapa Asyut, mtoto wa pili wa mzee Bishara, akasoma shule ya wasichana ya hapa mjini, kisha Chuo Kikuu cha Kairo, alikohitimu historia mwaka 1963, na mwaka uliofuata akaajiriwa kutunza daftari kuukuu za serikali, kazi aliyoifanya hadi 2001, akiwakaripia bila haya wote waliogusa karatasi zake kwa vidole vya mafuta.

Alifunga ndoa na marehemu Luka Andrawos tarehe 7 Februari 1971, wakajaliwa mabinti wawili, Mariyam na Sawsan.

Watu walimwendea wajue mababu zao walifanya kazi gani, naye ndiye aliyegundua kwamba makarani waliohesabu watu mwaka 1848 walimwandika mtu kwa mlango waliomkutia, hata aliyekwenda kunyolewa akawa kinyozi, kwa hiyo kila jina alililinganisha na daftari la ubatizo.

Mwaka 1987 mzee Tadros Armanios alimjia akilia, kwani binti yake Salwa alikuwa amekataliwa na wakwe, ukoo wao ukiitwa uzao wa mpiga viboko wa mtoza kodi. Istir alisoma miezi minne, akakuta kwamba babu wa Tadros alikuwa mchota maji, aliyepeleka maji nyumbani kwa mtoza kodi asubuhi ya kuhesabiwa, na mpiga viboko mwenyewe, aliyeandikwa muuza kahawa kwa kuwa alikutwa akinywa kahawa, alikuwa babu wa akina Qaldas, ukoo wa Istir mwenyewe.

Kaka yake, mzee Nassif, alimsihi, “Dada, yafukie hayo, wafu hawasemi.”

“Hawasemi, kaka, ndiyo maana nikaajiriwa mimi.”

Jumapili ya tarehe 8 Novemba alisimama kanisani, akayasema yote mbele ya wakwe wale, Salwa akaolewa, na Nassif akakaa miaka tisa bila kumpa dada yake hata salamu. Tunaona fahari kuwa damu yake.

Figo zilianza kumsumbua Oktoba 2016, akafariki Jumatano, tarehe 9 Januari 2019, siku mbili baada ya kula Krismasi yetu Wakopti, ya tarehe 7, na wajukuu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika, watunza daftari wenzake waliotoka Kairo, na wana watatu wa Salwa, walioomba wao ndio walibebe jeneza. Mzee Nassif aliambiwa leo asubuhi kwamba habari za mpiga viboko zingeweza kuachwa, akajibu zisomwe, tena kwa sauti.

Pumzika kwa amani, Istir, hatukuruka neno.