Bi Kijiko na Chai ya Saa Tisa

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Kama uko jikoni, punguza moto, usogee karibu na redio. Leo tunamkumbuka mwanamke ambaye huenda hukumjua kwa sura, lakini huenda alimlisha baba yako au shangazi yako siku ile aliposhindwa kumeza.

Alifariki Jumanne asubuhi. Alikuwa na miaka sitini na minane, na miaka thelathini na miwili kati ya hiyo aliimalizia katika jiko la hospitali. Wenzake walimwita Bi Kijiko, kwa kuwa mfuko wa aproni yake haukukosa kijiko. Ameacha binti mmoja, fundi cherehani. Binti huyo ndiye aliyetusimulia haya, ameketi mbele ya mashine yake, kola ya shati la mteja ikiwa bado chini ya sindano.

Kazi ya Bi Kijiko ilikuwa kuvipa vinywaji uzito. Mtu akipata kiharusi, koo huweza kuchelewa. Maji mepesi hayangoji. Hukimbilia njia ya hewa, mgonjwa akapaliwa. Chai ikiwa nzito kiasi, huteremka taratibu, na njia ya hewa inawahi kujifunga. Kiasi gani? Hapo ndipo penye kazi.

Hakusomea. Alijaribu, akaandika, akajaribu tena. Alijaribu bamia, akaziacha, maana ute wake huvutika kama uzi na ulimi mgonjwa hauwezi kuukata. Alipata unga wa mbegu za mmea wa jamii ya kunde. Huo haupikwi. Unaunyunyiza kwenye kinywaji huku unakoroga, kwa sababu ukiumwaga wote mara moja unapata mabonge. Kisha unasubiri, kwani huendelea kuwa mzito hata ukiwa umeuacha mezani. Akapata na mwani mkavu. Ukichemshwa mpaka uyeyuke, ukachujwa, hujigandia wenyewe ukipoa, hata bila friji, na hauyeyuki ovyo kwenye joto la kinywa.

Siku ya kwanza alipoleta mwani, mpishi mkuu alimcheka.

"Bi Kijiko, hicho si chakula cha samaki?"

"Na samaki unamla wewe. Sogea, nichuje."

Kuna dereva mstaafu wodini aliyeletewa vipande vya chai iliyogandishwa kwa mwani. Akavitazama muda mrefu.

"Mama, hii nile au nioge nayo?"

"Kula kwanza. Ikikushinda utaoga."

Alikula. Alirudi nyumbani kwa miguu yake.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, mwanamke huyu alianzaje?

Alikuwa na mume, mpaka rangi wa nyumba. Mume akapata kiharusi. Wakati huo Bi Kijiko alikuwa muosha vyombo tu katika jiko lile lile, na binti yao alikuwa na miaka tisa. Wakaelekezwa kumtengenezea chai nzito kwa wanga wa mahindi. Wakaifanya hivyo miezi mitatu, bila kuruka siku. Lakini mgonjwa alikuwa akipaliwa. Kifua kikajaa. Akafariki.

Mwaka mmoja baadaye, Bi Kijiko akiwa kwenye sinki lake, aliona jambo. Vikombe vya wanga vilivyorudi kutoka wodini havikuwa sawa. Vile ambavyo havikuguswa vilikuwa vizito bado. Vile ambavyo mgonjwa alivinywa nusu, nusu iliyobaki ilikuwa maji. Siku ya kwanza alidhani ni macho yake. Siku ya tano akabeba wanga kwenda nyumbani. Akatengeneza vikombe viwili, sawasawa. Kimoja akakikoroga kwa kijiko safi. Cha pili akakikoroga kwa kijiko alichokwisha kukilamba. Akakaa, akaangalia saa ya ukutani. Hazikupita dakika nyingi, kile cha pili kilikuwa chepesi.

Mate hula wanga, wasikilizaji wapendwa. Hula wanga, lakini unga wa zile mbegu hayauwezi. Mwani nao hayauwezi. Kuanzia siku hiyo alitafuta vitu visivyoliwa na mate, mpaka hospitali ikamtoa kwenye sinki na kumpa meza yake.

Kila walipoletwa wafanyakazi wapya, aliwafundisha. Na kila mara alimaliza kwa maneno haya: "Usionje kwa kijiko ukakirudisha kikombeni. Mimi nilikirudisha. Nilikuwa napima joto tu. Mume wangu nilimpoteza hivyo."

Miaka kumi na minane iliyopita, binti yake alipeleka jikoni furushi la aproni alizoshona. Akasimama mlangoni, mama hakumwona. Akayasikia maneno yale kwa mara ya kwanza.

Siku zile za ugonjwa wa baba, mchana mama alikuwa kazini. Chai ya asubuhi mama aliitengeneza, mgonjwa akaikataa. Chai iliyonyweka ilikuwa ya saa tisa alasiri, na aliyemnywesha, akirudi shule, ni mtoto wa miaka tisa. Aliyepuliza, akaonja asije akamuunguza baba, akarudisha kijiko, ni yeye.

Jioni ya siku ile ya aproni, binti alimuuliza mama yake. "Mama, saa tisa si ulikuwa kazini?"

"Ulikuwa mdogo, umesahau. Niletee chumvi."

"Mama, nakumbuka."

"Chumvi, mwanangu. Mboga inaharibika."

Akaleta chumvi. Hawakulizungumza tena kwa miaka kumi na minane. Mama aliendelea kuwaambia watu, "Mimi nilikirudisha." Binti aliendelea kushona aproni, na kila aproni akaiwekea mfuko wa kijiko.

Madaktari wamemwambia binti kwamba hakuna anayeweza kujua kama ni kile kijiko. Wagonjwa wengi wa kiharusi huishia na kifua, hata wakilishwa kwa uangalifu wote. Anayajua hayo. Anasema kuyajua hakumsaidii.

Figo za Bi Kijiko zilipochoka, alirudi katika hospitali ile ile, safari hii kitandani. Jumapili, binti alimfunga nywele, akamuuliza kwa mara ya mwisho.

"Mama. Aliyekuwa anarudisha kijiko ni mimi?"

Mama akasema, "Mimi alikuwa ananigeuzia uso. Ameshikwa na aibu, mwanamume mzima kulishwa na mkewe. Siku nzima hali, hanywi. Anangoja saa tisa. Kwako tu ndiyo alikunywa."

"Kwa hiyo ni mimi."

"Nimekwambia alikunywa. Funga hizo nywele."

Alifariki Jumanne asubuhi, wasikilizaji wapendwa. Miaka sitini na minane.

Binti ametuomba tuseme hewani kwamba mama yake hakukirudisha kile kijiko. Nimelisema. Sijui kama mama angependa, maana alijitahidi sana lisijulikane. Lakini binti alisema, "Amebeba kosa langu mbele ya wafanyakazi wapya miaka yote ile. Sitaki azikwe nalo."

Tunampa pole binti. Tunampa pole mpishi mkuu na jiko zima, na dada wa marehemu aliyesafiri siku mbili akamkuta amekwisha kufungwa sanda. Kwa ninyi mnaouguza nyumbani, ulizeni hospitalini kinachomfaa mgonjwa wenu, na shikeni vijiko viwili: kimoja cha kuonja, kimoja cha kulishia.

Na kwa sisi sote, tutafakari. Huenda yupo mtu aliyesema "ni mimi" mahali ambapo ilikuwa ni sisi, na hatukuambiwa. Kama bado yu hai, nenda ukakae naye. Si lazima umuulize.