Mama Kokoto wa Kakuma

Mchungaji, wazee, majirani wa hapa mjini, na ninyi mliotoka kambini kwa miguu tangu alfajiri, ejok, salamu zenu nyote. Familia imemtuma Akai, kitinda mimba wa marehemu, awasomee maisha ya mama yake, na kwa kuwa wengi wenu mmeketi juani, na kwa kuwa wapo waliokwisha kunong'onezana kuhusu ile mashine yake ya kusaga itamwendea nani, atasoma bila kuzungusha, maana swali hilo lina jibu lake humu, ila jibu lenyewe linaanzia mbali.

Namuria Ekeno alizaliwa Kaaleng, mtoto wa tatu wa Mzee Ekeno, na kitambulisho chake kinasema alizaliwa tarehe mosi Januari 1966, tarehe aliyogawiwa na karani kama walivyogawiwa wenzake wote wa rika lile, utadhani Turkana nzima ilijifungua siku moja, lakini mama yake alishikilia kwamba mtoto huyu alizaliwa mvua ikinyesha, na kwa kuwa mvua ya Kaaleng si kitu cha kusahaulika, familia inamwamini nyanya kuliko karani.

Aliingia darasa la kwanza mwaka wa 1975 katika shule ya misheni, akafika darasa la tano, na mwaka wa 1980, ukame ulipomaliza mifugo ya baba yake, familia ilihamia hapa Kakuma kutafuta chakula cha msaada, na hapo ndipo alipopata somo ambalo halikuandikwa kwenye daftari lolote. Jua lilikuwa kali, hakuna aliyeweza kusimama kutwa, kwa hiyo kila familia iliweka jiwe lake kwenye foleni na kwenda kivulini, jiwe likasimama badala ya mtu. Jiwe la mama yake lilikuwa la saba. Akaja mwanamume mmoja aliyekuwa na shemeji yake ndani ya stoo, akalisukuma lile jiwe kando kwa kiatu, akaweka la kwake, chakula kikaisha kabla ya zamu yao, wakarudi na gunia tupu, na mdogo wake Namuria, aliyekuwa bado ananyonya, hakuuona mwezi uliofuata. Marehemu hakuwa mtu wa machozi ya ovyo, lakini habari ya jiwe la saba hakuacha kuisimulia.

Mwaka wa 1984 alipata kazi ya upishi katika hoteli moja ya Lodwar, na hapo ndipo alipomwona Lokiru Aregae, dereva wa lori aliyerudia chai mara tatu bila kuwa na kiu, wakafunga ndoa kanisani Lodwar tarehe 20 Desemba 1986, mahari yakiwa yamekwisha kutolewa Kaaleng, wakajaliwa watoto watatu, Ekiru mwaka wa 1988, Lokeno mwaka wa 1991, na Akai mwezi wa Desemba mwaka wa 2000. Mzee Lokiru aliaga dunia kwa ajali ya barabarani tarehe 3 Mei 2001, na waliokuja kumpa pole mkewe walimshauri arudi Kaaleng akakae kwa kaka zake. Hakurudi. Aliuza ng'ombe waliobaki, akanunua mashine ya kusaga ya dizeli, mtumba, iliyokohoa zaidi ya mgonjwa, na mwezi wa Novemba mwaka huohuo akaifunga hapa Kakuma, kati ya mji na kambi ya wakimbizi, Akai akiwa mgongoni.

Siku ya kwanza ya mashine hiyo, mtu wa kwanza kufika hakuleta mtama wala mahindi, alikuja kuomba kazi, naye ni Nyandeng Bior, mkimbizi kutoka Sudan Kusini, ambaye mnamwona amekaa karibu na jeneza. Marehemu alimwambia kazi haipo, lakini ufagio upo. Nyandeng akauchukua, na kwa miaka ishirini na mitatu hakuurudisha, akajifunza kubadilisha mkanda, kuchonga meno ya jiwe la kusagia, na kuisikia mashine ikiugua kabla haijazimika.

Biashara ile ilikuwa na sheria moja tu. Ukifika, weka jiwe. Aliyetangulia husaga kwanza, awe Mturkana, Mdinka, Msomali au Mkongomani, awe na gunia au kopo moja, na mwenye mashine mwenyewe, alipotaka unga wa watoto wake, aliokota jiwe lake na kuliweka mwisho, akangoja kama wengine. Wanawe walishinda njaa mchana mara nyingi kwa ajili ya sheria hiyo, na hawakuipenda, tusidanganyane.

Mwaka wa 2017, ukame ukiwa umekaza, Baba Mdogo Lokuruka, mdogo wake Mzee Lokiru, ambaye yuko hapa mbele na hatakana, alileta magunia kumi ya mkandarasi mmoja wa Lokichar, akataka yasagwe kwanza, akasema, "Shemeji, hawa wa kambini watangoja, si wamezoea kungoja?" Marehemu aliokota jiwe, akamtia mkononi, akamwonyesha mwisho wa foleni kwa kidevu. Baba Mdogo akapaza sauti, "Jamani, mwanamke huyu anatawaliwa na kokoto!" Watu wakacheka, jina likaganda, na tangu siku ile aliitwa Mama Kokoto, naye akaitika. Lakini haki yake Baba Mdogo apewe, jiwe aliliweka, akangoja hadi saa kumi.

Mwaka wa 2019 aliitwa Lodwar kwenye semina ya siku tatu ya uongozi wa biashara ndogo, Kiingereza kitupu ukutani, na alipoulizwa siri yake ni nini, alitoa jiwe mkobani, akaliweka mezani, akakaa. Cheti alichopewa kilifunika mtungi wa maji hadi kikachakaa.

Mwezi wa Juni 2024 alianza kushindwa kumeza, akapelekwa hospitalini Lodwar, na Akai, aliyekuwa ametoka chuoni, akakuta muuguzi anayefahamiana naye, akataka mama apitishwe mlango wa nyuma. Akai hushinda midahalo chuoni, alitoa hoja nne, nzito zote. Mama, ambaye hata uji ulikuwa umemkataa, alizisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Na huyo aliye mbele yetu, ni mama wa nani?" Wakangoja saa tatu. Daktari alisema baadaye kwamba saa hizo hazikubadilisha chochote, lakini hasira haisikii daktari, na Akai ameibeba hadi kwenye kaburi hili. Iligunduliwa kuwa ni saratani ya koo, akatibiwa Eldoret kuanzia Julai, akarudi nyumbani Februari, na Jumapili tarehe 9 Machi 2025, saa nne asubuhi, alifariki hapa Kakuma, mkono wake ukiwa mkononi mwa Nyandeng.

Sasa, mashine. Kwenye kikao cha familia cha Jumatano ilisemwa iuzwe Lokichar, na Nyandeng, kwa kuwa ni mkimbizi, ashukuriwe na arudi kambini, na kikao kikavunjika bila mwafaka. Akai hana hoja nne safari hii, anayo moja, ya mama yake. Nyandeng aliweka jiwe lake mwaka wa 2001, siku alipoushika ule ufagio. Akai alikuwa bado anabebwa, Ekiru na Lokeno hawakuwahi kuweka. Kumsukuma Nyandeng leo ni kile kiatu cha mwaka wa 1980, na safari hii kitakuwa kimevaliwa na sisi. Kwa hiyo watoto wote watatu wametia saini, funguo ziko kwa Nyandeng tangu jana, mashine itanguruma Jumatatu saa moja asubuhi, na mwenye pingamizi anakaribishwa, jiwe lake aliweke nyuma ya la mwisho.

Marehemu ameacha watoto watatu na wajukuu watano. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Lodwar na Eldoret, akina mama wa kanisa, majirani waliochota maji wiki nzima, na wateja wa kambini walioleta unga badala ya maneno. Baada ya maziko kuna chakula, mawe yamekwisha kupangwa kando ya sufuria, na waheshimiwa watatuwia radhi, meza ya mbele haipo.

Pumzika kwa amani, Mama Kokoto. Zamu yako imefika, na hukumruka mtu.