Norwei ya Hurlingham

Ndugu, jamaa, majirani wa Waithaka na nyinyi mliotoka mbali, poleni, na asanteni kwa kufika, mliopata viti na mliosimama. Haya ni maisha ya mtoto wetu Loise Njambi kama nyanya yake anavyoyakumbuka, nami Norman, mjomba wake, nayasoma kwa niaba ya familia.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1980 hapa hapa Waithaka, mtoto wa pekee wa Ephantus na marehemu mkewe, siku ya mvua kubwa, na mkunga alipomshika akasema, "Huyu analia kama mtu aliyechelewa mahali." Mamake alipofariki mwaka wa 1987 alilelewa na nyanya yake, ambaye nyote mnamwita Shosho, wakalala kitanda kimoja mpaka miguu ya mtoto ikaanza kutokeza nje ya blanketi.

Alisoma shule ya msingi hapa nyumbani, akamaliza kidato cha nne mwaka wa 1997 katika shule ya bweni kule Kiambu, na mwaka wa 1999 akaajiriwa katika duka la vitambaa la Bwana Kamlesh mjini, Biashara Street, akawa hodari wa kukata kitambaa bila kupinda, na hapo ndipo alipopatana na Deepa, binti wa mwenye duka, wakawa chanda na pete.

Mwaka wa 2003 kanisa lilimchagua kwenda Norwei mwaka mzima, kujitolea katika nyumba ya kutunzia wazee, na tarehe 6 Septemba tulimuaga hapa uwanjani, mbuzi akachinjwa, akina mama wakamfumia sweta nzito kama godoro, kwaya ikamfuata mpaka uwanja wa ndege, mchungaji akamwambia, "Binti, wewe sasa ni jina letu, usituaibishe," na Ephantus naye akacheka akasema, "Mtu wa kuchinjiwa mbuzi hageuki njiani!" Watu walicheka, Njambi pia akacheka, lakini Shosho aliyemshika mkono alisikia ule mkono umekuwa baridi.

Kule Norwei jua lilizama saa tisa mchana, na mlango wa ile nyumba ulifunguka kwa namba za siri ili wazee wasipotee kwenye theluji. Palikuwa na mzee mmoja, jina lake Arne, ambaye kila siku alivaa koti, akashika kofia, akamuuliza Njambi, "Basi la kwenda kwetu linakuja lini?" na wafanyakazi walikuwa wamemfundisha kujibu, "Baada ya chakula," kwa kuwa mzee angesahau. Njambi alijibu hivyo wiki nyingi, hadi siku moja ulimi ukakataa, akamwambia, "Hakuna basi, baba," na yule mzee akalia kama mtoto, na kesho yake akavaa koti tena, akauliza tena. Basi akawa hawezi kudanganya, na kusema ukweli nako hawezi, na mwezi wa Januari 2004 akaomba tiketi yake, akarudi.

Ndiyo, wapendwa, alirudi Januari, na wengine wenu ndio mnasikia leo. Alishuka alfajiri hakuna wa kumpokea, akakumbuka mbuzi, akakumbuka kwaya, akampigia Deepa, na Deepa akamchukua akamweka katika chumba cha nyuma cha nyumba yake Hurlingham, kando ya barabara ya Argwings Kodhek, akamwambia, "Kaa, dada, hii nyumba ni yako, lakini usisimame kwa dirisha, hapa chini watu ya Waithaka wanapita kama siafu." Akakaa. Akitoka kununua mkate alijifunika mtandio wa Deepa mpaka puani, na muuza matunda wa pale chini akawa anamsalimu, "Habari, mama Muhindi!"

Kila Jumapili alipiga simu ya babake, akasema yuko Norwei, salama, baridi kali, na hata mwezi wa Juni aliposema theluji imemfika magotini hakuna hapa aliyejua kwamba kule theluji nayo ina msimu wake. Tulikuwa tukiomboleza magoti yake, na yeye yupo Hurlingham, mahali ambapo Shosho angeweza kwenda kwa matatu na kurudi kabla githeri, mahindi na maharagwe, haijaiva.

Basi Jumapili moja Shosho ndiye alishika simu, na nyuma ya sauti ya mtoto akasikia kwarara, wale ndege wakubwa wanaopita juu ya paa asubuhi wakipiga kelele kama punda mwenye mafua. Shosho akauliza, "Njambi, hiyo Norwei yenu iko na kwarara?" "Ziko, Shosho," akasema, "ziko mingi." Shosho akamjibu, "Haya. Ukiona mmoja anakuja upande huu, mfuate, chai iko kwa moto."

Jioni hiyo alisimama mlangoni na mtandio kichwani, hana sanduku, na babake alipomwona hakuuliza alikotoka, aliuliza, "Umeleta nini?" Njambi akasema, "Sijaleta kitu, baba," akainama kama anayengoja fimbo, na Shosho akasema kutoka jikoni, "Amejileta. Mpishe aingie."

Mwezi wa Agosti 2004 alisimama kanisani kutoa habari ya safari yake, akakohoa, akasema, "Nilidhani kusaidia mtu ni kumpa jibu, kumbe yule mzee alitaka mtu wa kuketi naye amuulize kwao kukoje. Na mlango wa Deepa haukuwa na namba, ufunguo ulikuwa mezani, na bado nilishindwa kutoka." Wako waliocheka, wako waliosema kanisa limepata hasara, lakini tangu siku hiyo alianza kuzunguka Waithaka kuwatafuta wazee ambao watoto wao huwafungia kwa kufuli wakienda kazini, akaomba funguo kwa watoto, wengine wakamtukana, "Hii ni kiherehere ya majuu!" na wengine wakampa, akaketi na wazee, akawauliza, "Kwenu kulikuwaje?"

Tarehe 9 Desemba 2006 alifunga ndoa na Dedan, fundi wa umeme, wakajaliwa mtoto mmoja, msichana, wakamwita Deepa, jina linalowashangaza wakwe mpaka leo.

Mwezi wa Februari 2009 alianza kuumwa mgongo, ikapatikana ni saratani ya mifupa, miguu ikakataa, akawa wa kitandani, na kilichomchosha kuliko maumivu ni kuona watu wakileta pesa na maombi, akamwambia Shosho, "Sasa ni lazima nipone, au nitawaaibisha tena," na Shosho akamwambia, "Hakuna lazima, mama." Alitulia kwa neno hilo, na tarehe 9 Agosti 2009, asubuhi, akatutoka akiwa nyumbani kwake, Dedan akimshika kichwa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, Bwana Kamlesh na wafanyakazi wa duka lake, Deepa aliyemficha na kumlisha, majirani mliobeba maji, na wazee waliofika leo kwa mikongojo, milango yao ikiwa wazi.

Njambi, nenda pole pole. Safari hii hatujakutuma, wala hatujakuagiza kitu. Pumzika kwa amani.